Mumunye la Bibi Hester

Sura ya Sita

Mapenzi humwingia mtu kwa mlango yanaoutaka yenyewe. Wengine huwaingia kanisani, wengine kwenye harusi za watu. Thirza Gooderham yalimwingia kupitia muhuri wa maktaba.

Kila Jumanne aliegesha gari la maktaba kando ya bwawa la bata pale Wissenford, akafungua mlango wa nyuma na kusubiri wasomaji. Na kila Jumanne, saa nne na nusu haikosi, Alban Kersey, fundi wa kuezeka mapaa, alipanda vile vingazi viwili akiwa na vipande vya matete nyweleni. Alichukua kitabu cha kwanza kilichogusana na mkono wake, akakisukuma mezani kipigwe muhuri. Kitabu hakukitazama. Alimtazama mwenye muhuri.

"Alban, hiki ni kitabu cha kunyonyesha," Thirza alimwambia siku moja.

"Eeh. Nimesikia ni kizuri."

"Umekiazima mara tatu."

"Sijafika mwisho."

Thirza aliinamisha uso ili asionekane anavyocheka, akagonga muhuri ukaangukia kidoleni mwake. Siku nzima alitembea na tarehe ya kurudisha kitabu kwenye ukucha, na hakuifuta.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, wala si mtoto wa kuambiwa nani wa kusalimiana naye. Lakini huyo alikuwa Kersey, na Thirza alikuwa mtoto wa Muriel. Huko Wissenford, mtoto wa Muriel na mtu wa ukoo wa Kersey walikuwa hawaketi upande mmoja wa kanisa, hawaingii duka moja saa moja, na mazishini walisimama pande mbili za kaburi kama mabeki wa timu mbili.

Chanzo kilikuwa mumunye.

Mwaka 1951, kwenye maonyesho ya mazao ya kijiji, Bibi Hester, mama yake Muriel, alipeleka mumunye lenye urefu wa mtoto wa miaka mitano. Alikuwa amechukua kikombe cha fedha miaka saba mfululizo, na wa nane aliuhesabu kuwa wake. Mwamuzi alipoligeuza, akakuta tumboni mwake ufa wa urefu wa kiganja, umezibwa kwa nta ya mshumaa. Kikombe kikaenda kwa Keziah Kersey. Bibi Hester akaapa mbele ya kijiji kwamba Keziah alinyemelea ukumbini na kulichoma kisu mumunye lake. Keziah hakukana wala hakukubali. Alichukua kikombe chake, akaenda nyumbani. Na asiyejitetea, watu walisema, amekiri. Bibi Hester aliishi miaka mingine ishirini na mitano, akafariki kitandani mwake, na neno lake la mwisho, kwa ushahidi wa kasisi aliyekuwepo, lilikuwa "nta".

Bi. Muriel alirithi nyumba, vikombe saba na ugomvi. Nyumba ilikuwa inavuja, vikombe vilifubaa, lakini ugomvi aliutunza ukang'aa.

Basi mwaka 1986 kanisa la kijiji lilitimiza miaka mia saba, na Chama cha Historia, ambacho mwenyekiti wake alikuwa Bi. Muriel, kikaamua kuandika kitabu. Thirza akapewa kinasa sauti na boksi la kanda.

"Kila mzee aliyevuka themanini utamhoji," mama yake alimwagiza huku akikata keki. "Kila mmoja. Isipokuwa yule."

"Mama, Bibi Keziah ana miaka tisini na moja. Ndiye mkubwa kuliko wote. Kitabu bila yeye ni supu bila chumvi."

"Baba yako kakatazwa chumvi na daktari na anaishi vizuri tu. Au vipi, Wilfred?"

Bwana Wilfred, baba yake Thirza, alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku, na asubuhi ile alikuwa ameshatumia mawili. Alilitumia la tatu.

"Ndiyo," alisema, akachukua kofia yake akaenda kwenye kibanda chake cha bustani, ambako alikuwa akiishi kwa hiari yake tangu siku nyingi.

Thirza alikwenda kwa Bibi Keziah siku ya Alhamisi, mama yake akiwa mjini kununua karatasi. Alijiambia anaifuata historia. Ngazi ya fundi iliyoegemezwa ukutani mwa nyumba ile aliiona tangu barabarani, lakini alijiambia hajaiona.

Bibi Keziah alimpokea kama mtu aliyechelewa, si mgeni.

"Ingia, mwanangu, ingia. Nilisema mpaka nife ndipo mje. Hiyo mashine inauma?"

"Haiumi, Bibi. Wewe ongea tu, itasikia."

"Basi ina afadhali kuliko mimi." Aligonga dari kwa mkongojo. "Alban! Acha kupigapiga huko juu, historia imefika!"

Uso wa Alban, mjukuu wake, ukatokea dirishani, umepinduka, miguu mbinguni, maana alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa paa. Damu ilikuwa imemjaa usoni, na haikujulikana kama ni kwa kuning'inia au kwa sababu nyingine.

"Habari, Thirza."

"Utaanguka."

"Nilishaanguka zamani," alisema, na uso ukapotea juu.

Bibi Keziah aliongea. Aliongea habari za theluji ya mwaka arobaini na saba iliyoziba milango hadi watu wakatokea madirishani, na habari za mwalimu aliyekuwa na jicho la kioo, akilitoa na kuliacha mezani liwalinde watoto yeye akienda chooni. Kanda ilizunguka. Thirza alipoona bibi amechangamka, akalitoa lile lililomkaa kooni.

"Na lile mumunye, Bibi?"

Bibi Keziah aliitazama mashine, kisha akamtazama Thirza, jicho kavu kabisa.

"Hilo sisemi, mashine iwake ama izimwe. Nilimwahidi mtu. Sisi wa zamani tukiahidi, tunaahidi." Akajifunika shali vizuri. "Kwa hiyo yule mwalimu, siku moja paka akaingia darasani, akaliona lile jicho…"

Na hapo, katikati ya paka na jicho, Bibi Keziah akasinzia.

Thirza hakuthubutu kusogea asimwamshe. Alban aliingia kwa mlango wa jikoni, kavua viatu, soksi moja imetoboka kidole. Alisimama upande wa pili wa meza akiigeuzageuza kofia yake.

"Amelala?"

"Amelala."

"Basi nisikilize kabla hajaamka, maana nikisubiri siku nyingine nitakuwa nimesoma maktaba yote." Alivuta pumzi. "Mimi si msomaji, Thirza."

"Nilikuwa nahisi."

"Kile cha kunyonyesha nilikisoma kweli, lakini ni kwa sababu ya wewe kukishika. Nasikia harufu ya wino ule wa muhuri hata nikiwa juu ya paa la watu. Juzi nimeezeka upande mmoja wa paa la kasisi nyuma mbele, matete yanaangalia juu. Mvua itaingia mpaka kitandani kwake, yote kwa kukuwaza wewe."

"Alban…"

"Subiri, sijamaliza, nimefanya mazoezi na bata. Mimi nina mikono miwili na ngazi tatu. Sina maneno ya vitabuni. Nataka niamke nikuone wewe kila siku Mungu anayoileta, unigombeze kwa matete niliyoingiza ndani. Nataka uzeeke nikiona."

Thirza aliitazama ile soksi yenye tundu, akaona macho yanamjaa maji, wala si kwa huzuni.

"Mama atakufa," alisema polepole.

"Mama yako hafi. Watu kama mama yako ndio wanaozika wenzao."

"Usimseme mama yangu."

"Simsemi, namsifu. Thirza Gooderham, nataka nikuoe. Utakubali?"

*Tak!* ilisema mashine. Kanda ilikuwa imefika mwisho.

Wote wawili waliruka. Thirza akaelewa kwamba hakuwa amezima, na kwamba maneno yote yale, bata na soksi na kila kitu, yalikuwa mle ndani. Aibu ilimpanda, na katika aibu ile mtu hujibu kwa mdomo wa mama yake.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi, Alban. Siku nikikaa upande wenu kanisani, mama hatanifungulia mlango tena. Nina mama mmoja."

"Kwa ajili ya mumunye."

"Kwa ajili ya mama."

Alban alivaa kofia. "Sawa," alisema. Akatoka, akapanda ngazi, na tangu dakika ile paa la Bibi Keziah lilipigwa kama limekosa. Kila nyundo iliposhuka, vumbi lilimwangukia bibi kizee shalini, naye akaendelea kulala, au kujifanya.

Kanda ile Thirza alipaswa kuifuta. Kila siku alisema ataifuta. Badala yake aliisikiliza garini, milango imefungwa, mara ya kwanza, mara ya pili, na ilipofika mara ya saba wasomaji wakaanza kulalamika kwamba maktaba inachelewa kufunguliwa. Ili mama yake asiione, aliificha ndani ya kasha lililoandikwa "Wapiga Kengele". Wale wapiga kengele wa kanisa alikuwa amewahoji mwenyewe, na alijua hakuna binadamu atakayetaka kuwasikiliza kwa hiari.

Jumamosi alasiri ya maonyesho ya Chama cha Historia, ambapo kanda za wazee zingesikilizwa, ukumbi wa kijiji ulijaa. Ukutani kulikuwa na picha za zamani, mezani keki za tangawizi na sandwichi za tango, na hewani harufu ya makoti mabichi. Upande wa kushoto walikaa watu wa Muriel, upande wa kulia watu wa Kersey, na katikati kulikuwa na njia ambayo hata mbwa wa kijiji waliiheshimu. Thirza alikuwa nyuma kabisa na birika kubwa la chai. Bwana Wilfred alikaa karibu na mlango wa kutokea, mahali pake pa siku zote.

Saa tisa kamili mlango ukafunguliwa, na Bibi Keziah Kersey akaingia kwa mkongojo wake. Hakuwa ametia mguu ukumbini mle tangu mwaka 1951. Nyuma yake aliingia Alban, kachana nywele. Alimtafuta Thirza kwa macho, akampata, akayashusha haraka kama mtu aliyeshika birika la moto. Moyo wa Thirza ulimwagika pamoja na chai, juu ya kiatu cha mtu.

"Nani kamwalika?" Bi. Muriel alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika mpaka kwenye bwawa.

"Bango limeandikwa 'Karibuni Wote'," alisema Kasisi Noy, mtu mpole aliyekuwa na mafua tangu paa lake lianze kuvuja. "Bi. Muriel, kwa nini tusianze? Nimeona kanda nzuri hapa. Wapiga kengele wetu!"

Thirza aliinua kichwa. Kati yake na ile mashine kulikuwa na watu themanini, meza sita na kitoroli cha vikombe.

"Kasisi, hapana!" aliita. "Hiyo imeharibika!"

"Aah, hizi haziharibiki," alisema kasisi, akabonyeza.

*"…akaliona lile jicho…"* ilisema sauti ya Bibi Keziah kutoka kwenye vipaza sauti viwili vilivyoazimwa shuleni.

Bi. Muriel akageuka kama mlango uliopigwa na upepo. "Thirza!"

"Mama, naweza kueleza!"

"Zima hicho kitu, Kasisi!"

"Nazima, nazima… kitufe kipi?" Kasisi alibonyeza kimoja, kanda ikakimbia ikilia kama ndege. Akabonyeza kingine, ikatulia. Na ukumbini, ikiwa kubwa kuliko mahubiri yoyote yaliyowahi kutolewa Wissenford, ikatoka sauti ya mwanamume:

*"Mimi si msomaji, Thirza."*

Thirza alijaribu kupita, akanasa kwenye kitoroli. Kanda ikaendelea. Kilipotajwa kitabu cha kunyonyesha, mke wa mwenye duka alijifunika mdomo. Yalipotajwa matete yaliyogeuzwa, Kasisi Noy akatazama juu, akapiga chafya, akasema, "Kumbe!" Zilipofika ngazi tatu na mikono miwili, wanawake wa upande wa kushoto walikuwa wameshatoa vitambaa vya kufutia macho, na waliona haya, maana walikuwa wakimlilia Kersey.

*"Mama atakufa."*

*"Mama yako hafi. Watu kama mama yako ndio wanaozika wenzao."*

Mtu alicheka kisha akajifanya anakohoa. Bi. Muriel alikuwa mwekundu mpaka mabegani.

*"Thirza Gooderham, nataka nikuoe. Utakubali?"*

*Tak!*

Sauti kutoka nyuma: "Enhe? Akajibuje?"

"Rudisha kidogo, Kasisi, labda ipo!"

"Hakuna anayerudisha chochote!" Bi. Muriel alikuwa amesimama. Alinyoosha kidole kuvuka ile njia ya katikati. "Keziah Kersey, ulimwibia mama yangu kikombe. Leo umemtuma mjukuu wako aje aibe mtoto! Nikiwa hai, binti yangu haolewi kwenye nyumba ya wachoma mamumunye!"

Alban alifungua kinywa, lakini bibi yake alimgusa mkono kumnyamazisha. Yeye mwenyewe alikaa, mikono juu ya mkongojo, akamtazama mtu aliyekuwa amekaa karibu na mlango wa kutokea. Alimtazama tu.

"Muriel," ilisema sauti kutoka huko. "Kaa."

Watu waligeuka kutafuta nani ameongea. Bwana Wilfred alikuwa amesimama, kofia mkononi, kijasho kikimtoka kwenye upara.

"Wilfred?" Bi. Muriel alisema, kama mtu aliyesikia kabati likimwita kwa jina.

"Kaa, mke wangu. Nikinyamaza sasa sitaweza tena." Aliikunja kofia, akaikunjua. "Hakuna aliyelichoma kisu lile mumunye. Mimi ndiye niliyeliangusha."

Watu wa upande wa kulia walitazamana.

"Mama yako alinipa nilipeleke kwa toroli. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nakuchumbia kwa kuiba-iba. Nafika darajani, nikakuona wewe dirishani kwenu, na lile gauni lako la buluu, unanipungia mkono. Nikakutazama. Mwanamume anayesukuma toroli hatakiwi kutazama pembeni. Gurudumu likapiga jiwe, mumunye likaruka, likatua kwa tumbo."

"Ewe Mola," alisema mtu.

"Nikalia. Nikajua mama yako hatanipa mke, atanipa shoka. Bi. Keziah alikuwa anaanua nguo, akaniona. Ndiye aliyeniletea mshumaa. Nilimwomba asiseme siku tatu tu, mpaka posa ipite." Alimeza mate. "Halafu harusi. Halafu Thirza. Siku tatu zikawa miaka thelathini na tano. Kila asubuhi nilisema leo nitasema, na kila asubuhi ulinimiminia chai, nikaona nitapoteza kile kikombe. Ndiyo maana siongei, Muriel. Niliogopa nikifungua mdomo litatoka."

Thirza aliweka birika chini. Miaka yote alidhani baba yake ni mtu asiye na la kusema. Sasa alimwona pale, mzee mfupi mwenye kofia iliyokunjamana, na akataka kukimbia kumkumbatia, lakini kitoroli kilikuwa bado kimemzuia.

Bi. Muriel alikaa. Kisha akasimama tena.

"Kwa hiyo ni kosa langu? Kwa sababu nilipunga mkono?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema gauni!"

"Lilikuwa gauni zuri sana, Muriel."

Kitu fulani kilipita usoni kwa Bi. Muriel, kikapita haraka, akakifukuza. Akageuka. Alitoka kwenye safu yake, akatia mguu kwenye ile njia ya katikati, na watu wakavuta miguu yao ndani ya viti. Alivuka. Alisimama mbele ya Bibi Keziah.

"Kwa nini hukusema? Mama yangu alikutukana mpaka kufa kwake. Mimi nimekutukana. Nimekaa miaka yote ule upande wa kanisa wenye baridi, magoti yameoza, kwa sababu ya jiwe la barabarani?"

"La darajani," alisema Bwana Wilfred, ambaye alikuwa ameshaonja kuongea na hakuweza kujizuia.

"Nyamaza, Wilfred, umeshasema ya mwaka mzima."

Bibi Keziah alimtazama juu kwa utulivu. "Sikuwahi kumwona mwanamume akimlilia mwanamke, Muriel. Marehemu mume wangu alilia mara moja tu, siku farasi wake alipokufa. Nikamwona huyu kijana wako amepiga magoti kwenye matope, anataja jina lako huku kakumbatia mumunye. Nikasema, mwache apate. Na mie nimepata kikombe." Akafikiri kidogo. "Kikombe chenyewe kinavuja, kusema kweli. Sijawahi kukinywea."

Bi. Muriel alitikisa midomo, lakini hakuna kilichotoka. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya kijiji, na mwenyekiti wa Chama cha Historia hakuwa na hali ya kuiandika. Alivuta kiti kilichokuwa wazi, upande wa kulia, akakikalia kwa kishindo, bega kwa bega na Keziah Kersey, macho mbele, kama mtu anayesubiri daktari wa meno.

"Sasa jamani," ilirudi ile sauti ya nyuma, "yule binti alijibuje?"

Watu themanini walimgeukia Thirza. Alitamani ardhi impasukie. Kisha akamwona Alban nyuma ya kiti cha bibi yake, ambaye hakuwa amemtazama hata mara moja tangu kanda iishe. Alikuwa akitazama viatu vyake, tayari kuaibika mara ya pili kwa jibu lile lile. Hapo Thirza akaona kwamba kuna aibu mbili, ya kusikika na ya kunyamaza, na kwamba baba yake alikuwa ameibeba ile ya pili mpaka ikampinda mgongo.

"Nilijibu siwezi," alisema.

Ukumbi uliguna, pande zote mbili, kwa mara ya kwanza pamoja.

"Sikusema sitaki. Aliniuliza kama siwezi au sitaki, na mimi nikazungumzia mama." Alisukuma kitoroli, kikaondoka, akatembea kati ya meza, akiifungia mikono ndani ya aproni. Alisimama mbele ya Alban. "Niulize tena."

"Hapa?" Alban alinong'ona. "Mbele ya hawa wote?"

"Swali walishalisikia. Wana haki ya jibu."

"Sijafanya mazoezi."

"Ndiyo vizuri."

Alban alimtazama sasa, mtazamo ule ule wa Jumanne, safari hii bila kitabu mkononi. Alisogea karibu mpaka Thirza akasikia harufu ya matete na sabuni, akauliza kwa sauti ndogo ya watu wawili, maneno machache tu, ambayo katika Wissenford nzima ni mtu mmoja tu aliyeyasikia zaidi yao. Na Thirza akamjibu sikioni. Jibu lilichukua muda mrefu kuliko linavyostahili neno moja, na Alban akafumba macho.

"Amesemaje?" Bibi Keziah aliuliza kwa nguvu, mkono sikioni. "Sikusikia! Amesemaje?"

Watu wote walimtazama Bi. Muriel. Yeye alikuwa amekaa karibu zaidi kuliko mtu yeyote na alikuwa amesikia kila kitu. Alifungua mkoba wake, akautazama ndani kwa muda mrefu kama anatafuta kitu kilichopotea zamani, akaufunga.

"Amekubali, Keziah!" alimpigia kelele sikioni. "Amekubali! Na nyie wawili acheni kushikana hapo katikati, chai inapoa. Wilfred, lete vikombe. Na utazame mbele unapotembea!"